Kuhama mtandao kwa namba ileile, kisha Galaxy A16: kinachofaa na kinachosumbua

Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ina umri mkubwa kuliko simu nyingi tulizonazo mfukoni. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliianzisha Machi 1, 2017. Tangu hapo mwenye 0754 anaweza kuwa mteja wa Airtel, na mwenye 0713 akawa wa Halotel, na majirani wasijue. Hata hivyo watu wengi bado wanatembea na simu mbili, moja ya namba wanayojulikana nayo na nyingine ya mtandao wenye vifurushi vya nafuu, kana kwamba namba ni shamba la urithi lisilohamishika.

Tunatathmini vitu viwili ambavyo mara nyingi hufanywa pamoja: huduma hiyo ya kuhama, na Samsung Galaxy A16 ya 4G kama mbadala wa simu iliyochoka. Namba inahama vizuri. Pesa haihami, na hapo ndipo penye kazi. A16 ni simu ya kukaa nayo, ila ina kasoro moja itakayomuuma kila mwenye laini mbili. Na vyovyote utakavyoamua, usihame mtandao na kubadili simu siku moja. Sababu zipo huko mbele.

Mtandao au simu?

Kabla ya kuulaumu mtandao, toa laini uiweke kwenye simu ya mtu mwingine iliyo mpya kuliko yako, palepale unapopata shida, saa ileile ya shida. Saa moja hadi saa nne usiku ndiyo kipimo cha kweli, kwa kuwa ndipo kila mtu yuko nyumbani na kila mtu yuko mtandaoni. Saa nne asubuhi mitandao yote ni mizuri.

Laini ikikimbia kwenye simu ya mwenzako, mkosaji ni simu yako. Simu ya zamani inayoishia 3G haina dawa. Nyingine zina 4G lakini hazina bendi, yaani masafa ya mawimbi, zinazotumika hapa: bendi 3 ya 1800 MHz ndiyo ya kawaida, lakini zinazopenya kuta na kufika mbali na mnara ni bendi 20 ya 800 MHz na bendi 28 ya 700 MHz. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, hasa za Android za bei ya chini, mara nyingi hazina bendi 20. Ndiyo maana simu iliyoletwa na mjomba kutoka Houston inaweza kusoma 4G Posta na kurudi 3G ukifika Mbagala.

Laini ikisumbua hata kwenye simu nzuri, angalia umri wa laini yenyewe. Kadi zilizotolewa zamani za 2G na 3G mara nyingi hazifungui 4G hata ukiziweka kwenye simu ya milioni mbili. Nenda dukani kwa mtandao wako wa sasa, bila kuhama, waambie wakubadilishie laini iwe ya 4G. Ni kazi ya dakika chache, na imewaokoa wengi waliokuwa wameshafunga mizigo.

Vyote viwili vikiwa sawa na bado kasi ni ya konokono, sasa una sababu ya kuhama. Nunua laini ya majaribio ya mtandao unaoutamani, weka kifurushi kidogo, uitumie siku tatu: chumbani unapolala, ofisini, na njiani. Usimsikilize jirani wa mtaa wa tatu. Mnara unaomhudumia si lazima uwe unaokuhudumia wewe.

Hatua za kuhama

Zenyewe ni chache. Unakwenda kwenye duka au kwa wakala wa mtandao unaouhamia, si ule unaouhama. Unabeba namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, vidole vyako, na simu ikiwa na laini ya zamani iliyo hewani. Wanakusajili kwa alama za vidole kama laini nyingine yoyote, wanakupa kadi mpya, kisha wewe mwenyewe, ukitumia laini unayotaka kuihamisha, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Utapata ujumbe wa kujibiwa. Laini ya zamani itaendelea kufanya kazi mpaka uhamisho ukamilike. Ikikata mtandao ghafla, ndiyo zamu ya kadi mpya: iweke, zima simu, iwashe.

Mara nyingi huisha mapema, lakini jipangie siku mbili za kazi na usianze Ijumaa jioni. Na chagua vizuri, kwa sababu ukishahama huwezi kuhama tena kabla ya siku 30.

Kinachokwamisha maombi ni kile kile siku zote. La kwanza ni usajili. Laini nyingi za zamani zilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, cha mume au cha bosi, hasa kwenye ile haraka ya kabla ya Januari 20, 2020 laini zisizo na alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Wewe unaitumia miaka kumi, lakini kwenye mfumo si yako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama unayotaka kuihamisha haimo, maliza hilo kwenye mtandao wa sasa kwanza, mkiwa wote wawili, wewe na mwenye kitambulisho. Ukienda kuhama kabla ya hapo unapoteza nauli.

La pili ni deni. Salio la kukopa, Songesha na mikopo mingine ya kwenye simu, bili ya mwezi kwa wenye mkataba: vyote vilipwe hadi sifuri, na uone ujumbe wa kuthibitisha. Shilingi mia mbili za vocha ya mkopo uliyoisahau zinaweza kukurudisha kwenye foleni. La tatu linachekesha lakini lipo: mtu anatuma HAMA kutoka kwenye laini ya pili ya simu hiyohiyo. Kwenye simu ya laini mbili, angalia unatumia ipi kabla ya kubonyeza tuma.

Hadi hapa huduma hii inastahili sifa. Hailazimishi kuomba ruhusa kwa mtandao unaouacha, na huo ndio ubunifu wake.  

Pesa ndiyo yenye kazi

Akaunti yako ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa ni mali ya mtandao, wala haikai kwenye namba. Namba ikiondoka, akaunti ile inabaki nyuma na kufungwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma HAMA, toa au tuma kila kitu: salio, akiba ya kwenye simu, na kilichomo kwenye kikundi chochote cha akiba kilichofungwa kwenye mtandao huo. Mweka hazina wa kikoba asihame kimyakimya. Wenzake watashindwa kuchangia mwisho wa mwezi na maneno yatakuwa mengi. Salio la vocha na MB zilizobaki pia haziendi popote. Zimalize.

Omba taarifa ya miamala yako ya miezi sita au mwaka mzima ukiwa bado mteja. Ukija kuihitaji kwa ajili ya mkopo, viza au kesi, kuipata ukiwa nje ni safari nyingine. Na ujue kwamba kwenye mtandao mpya wewe ni mgeni kabisa: hakuna historia, kwa hiyo kiwango cha kukopeshwa kinaanzia chini au hakipo, hata kama kule ulikuwa unapewa laki tatu bila kuulizwa.

Baada ya kuhama, shida inahamia kwa watu wanaokutumia. Watanzania wanasoma mtandao kwa tarakimu za mwanzo. 0754 ni Vodacom, 0784 ni Airtel, 0713 ni Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo, 0621 ni Halotel. Mama kijijini atafungua menyu, atachagua kutuma kwa mteja wa mtandao uleule kama alivyozoea, na muamala utakataa. Mwambie achague mitandao mingine, kisha mtandao wako mpya, na asithibitishe mpaka aone jina lako limetokea. Jina likitokea, hata kama namba inamshangaza, pesa inafika. Siku hizi mitandao na benki zinaongea kupitia mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, kwa hiyo kutuma kwenda mtandao mwingine si tatizo. Tatizo ni kuchagua mstari sahihi kwenye menyu.

Kwa wakala ni vilevile. Ana simu nne mezani. Akisikia "sifuri saba tano nne" mkono wake umeshashika ile ya Vodacom kabla hujamaliza kuitaja. Taja mtandao kwanza, namba baadaye. Ni tabia ndogo, lakini utaifanya kila wiki kwa miaka yote utakayokuwa na namba hiyo, na huenda ndiyo gharama kubwa kuliko zote za huduma hii.

Benki nazo. SimBanking, NMB Mkononi na nyinginezo zinakutambua kwa namba ya simu, kwa hiyo zinaendelea. Kinachobadilika ni kile ulichohifadhi ndani: njia ya mkato ya "tuma kwenye simu yangu" bado inaelekea kwenye akaunti ya mtandao wa zamani. Ifute, uiandike upya. Wenye biashara wanaopokea kwa Lipa Namba waulize dukani kabla ya kuhama, na wajiandae kubandika karatasi mpya ukutani.

Kuna na ujumbe wa namba za uthibitisho. Ujumbe wa ndani ya nchi kwa kawaida hufika bila shida. Unaotoka nje, wa Google, wa maduka ya mtandaoni, wa programu za kazi za kimataifa, wakati mwingine hupitia makampuni ya kati yanayoangalia tarakimu za mwanzo tu, na kuupeleka kwenye mtandao usio wako tena. Ukikwama hapo, chagua kupigiwa simu badala ya ujumbe. Bora zaidi, kabla ya kuhama weka barua pepe kama njia ya pili kwenye kila akaunti muhimu.

Tahadhari ya matapeli itoshe kwa mstari mmoja: HAMA unaituma wewe ukiwa mbele ya kaunta, na anayekupigia kukuomba uitume, au kukuomba namba yoyote iliyoingia kwenye ujumbe, ni ndugu wa wale wa "ile pesa itume kwenye namba hii", na namba yake itumwe 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kwa nini simu isubiri wiki

Ukihama mtandao huku simu ikiwa ileile, WhatsApp haitakuuliza kitu. Namba haijabadilika na simu haijabadilika. Programu za benki pia kwa kawaida zitakaa kimya. Ukibadili vyote kwa pamoja, kila programu inaona laini mpya ndani ya kifaa kipya, na hiyo ndiyo sura ya wizi wa laini. Benki zinaweza kukufungia mpaka ufike tawini, na ujumbe wa uthibitisho usipofika huna simu ya zamani ya kukusaidia, kwa sababu umeshaitoa. Hama kwanza. Wiki ikipita na pesa, ujumbe na benki vyote vikiwa sawa, ndipo uende mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kununua simu.

Je, simu ya zamani imekufa kweli? Betri peke yake si kifo. Betri za lithiamu hupungua nguvu baada ya chaji mia kadhaa, na fundi anabadilisha. Iliyovimba na kuinua kioo isichajiwe tena hata usiku mmoja. Kujaa kwa hifadhi pia si kifo. Mara nyingi ni video za magrupu ya WhatsApp. Simu imekwisha pale inapoishia 3G, au inapokuwa na Android ya zamani ambayo programu zinaikataa (WhatsApp haifanyi kazi chini ya Android 5.0, na programu za benki hukataa mapema zaidi), au pale kioo na betri na tundu la chaji vyote vinapotaka pesa kwa pamoja.

Galaxy A16

Sababu ya kuichagua ni moja na inatosha: Samsung imeahidi masasisho ya mfumo mara 6 na ya usalama kwa miaka 6. Ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na Android 14. Kwa bei yake hakuna wengi wanaoahidi hivyo, na wanaopenda Tecno na Infinix wanajua kwamba uzuri wa simu zile uko kwenye vioo, chaji ya haraka na vituo vya matengenezo vya Carlcare vilivyo karibu, si kwenye masasisho. Anayebadili simu kila baada ya miaka miwili hana haja ya ahadi hii. Anayetaka simu imfikishe mwanawe kidato cha nne, anaihitaji.

Kioo ni inchi 6.7 cha Super AMOLED, 90 Hz, kinasomeka juani kuliko ulivyotarajia. Prosesa ni Helio G99, ya kawaida na isiyopata joto ovyo, haina 5G. 5G ilianza nchini 2022 na kwa wengi wetu walio nje ya katikati ya miji haijawa sababu ya kununua simu. Betri ni 5000 mAh na chaji hufika wati 25, lakini ndani ya boksi kuna waya tu. Kichwa cha chaji nunua cha kweli, dukani kwa wakala wa Samsung. Vile vya mezani vilivyoandikwa 25W kwa wino unaofutika kwa kidole havifiki hata nusu. Inastahimili vumbi na matone kidogo ya maji, IP54. Hiyo ni mvua ya ghafla, si ndoo.

Sasa kasoro. Tundu la laini ni la kuchagua: laini mbili, au laini moja na kadi ya memori. Kwa nchi ambayo mtu ana laini ya kazi na ya nyumbani, hiyo ina maana huna kadi ya memori. Kwa hiyo usinunue kwa kutegemea kuongeza baadaye. Chukua ya 128 GB kwa uchache, na RAM ya GB 6 badala ya 4. Ya 4 inafanya kazi leo, lakini itaanza kukuchosha muda mrefu kabla ya ile miaka 6 kuisha, na hapo ahadi ya Samsung itakuwa inalinda simu unayoichukia. Pia haina tundu la spika za masikio za waya. Wenye spika za zamani wanunue kiunganishi cha USB-C au za Bluetooth.

Dukani, kabla ya kutoa pesa: piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 usome ni simu gani inayokujibu. TCRA ilizima simu feki Juni 2016 na mfumo ule bado upo. IMEI inayorudisha jina la simu nyingine ni sababu ya kuondoka. Piga *#0*# ujaribu kioo, mguso na kamera. Weka laini yako mpya, piga *#0011# uone bendi inayoshikwa. Angalia boksi liwe la soko la Afrika Mashariki na muuzaji aandike IMEI kwenye risiti, maana waranti inafuata karatasi hiyo, siyo urafiki. Kwa anayefikiria iPhone iliyotumika badala yake: kuanzia iPhone 14, za Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi), na zile zinazouzwa na kipande chembamba cha kuweka juu ya laini zimefungwa mtandao wa kwao. Siku kipande hicho kikigoma, una redio ya bei ghali.

Kuhamisha vitu

Smart Switch ya Samsung inavuta picha, namba na ujumbe kwa waya au Wi-Fi. Waya ni haraka zaidi. WhatsApp ihamishe yenyewe kwa kuskani msimbo kutoka simu hadi simu, kwenye Mipangilio, Gumzo, Hamisha gumzo. Njia hiyo haili MB na haijazi zile GB 15 za bure za Google. Kabla hujaanza, hakikisha unakumbuka namba ya siri ya hatua mbili ya WhatsApp. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7.

Simu ya zamani iache imewashwa, ikiwa na chaji, kwa wiki mbili. Ukiwa tayari kuiuza, ondoa akaunti ya Google kwanza kwenye mipangilio, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta bila kuiondoa, mnunuzi anaweza kuiwasha akadaiwa akaunti yako ya Google, na atakupigia kwa namba ileile uliyohangaika kuihamisha.